Talaka Imetolewa Ng'ambo, Shamba Liko Kwetu: Mali ya Ndoa Inagawanywaje?

Mwaka 2018 mama mmoja wa usharika ulio karibu na mpaka, wilayani Kibondo, alifika ofisini kwetu akiwa na karatasi mbili zilizokunjwa ndani ya kitenge. Karatasi hizo ziliandikwa kwa Kifaransa na kugongwa muhuri wa mahakama ya upande wa Ruyigi, Burundi. Aliyemletea ni shemeji yake, na maneno aliyompa yalikuwa machache: "Kaka ameshakuacha kwa sheria. Nyumba na shamba ni vya kwetu. Mwisho wa mavuno uwe umeondoka."

Mama huyo na mume wake, wote Waha na raia wa Tanzania, walifunga ndoa kanisani mwaka 1998 na kupata watoto wanne. Mume alikuwa mfanyabiashara wa maharage. Mwaka 2012 alivuka mpaka, akafungua duka huko, akawa anarudi mara moja moja, kisha akaacha kurudi. Nyumbani palibaki nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati, ekari tano za shamba, mbuzi kadhaa, na mama aliyelima, kusomesha na kuuguza peke yake.

Kamati ya usharika ilikaa na kumshauri aikatae ile karatasi, kwa sababu ndoa ilifungwa madhabahuni na mahakama ya nchi nyingine haina uwezo juu yake. Lazima tukiri kwamba hata sisi wa ofisi ya miradi tulipousikia ushauri huo mara ya kwanza tuliuona mzuri. Baadaye tulielewa kuwa ungeweza kumpotezea mama huyu muda, nauli na hata shamba lenyewe. Kwa kuwa mashauri ya namna hii yamezifikia kamati nyingine za Kibondo na Kasulu, tumeona vema kueleza katika toleo hili jinsi sheria inavyoyatazama.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Mpaka kati ya Buha na Burundi ni mstari wa serikali, lakini haukukata undugu. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na watu wa Mabamba huenda sokoni na kuoana na watu wa ng'ambo tangu zamani. Juu ya hilo ikaja historia ya ukimbizi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, maelfu ya Warundi walivuka, na wilaya zetu zikawa na kambi kama Mtendeli, Nduta na Kanembwa upande wa Kibondo wa wakati ule, na Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu kutoka Kongo. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2015 machafuko yaliporudi Burundi, Nduta ilifunguliwa tena, na tangu 2017 urejeaji wa hiari ukaanza upya.

Kila wimbi la kuja na la kurudi liliacha familia zilizogawanyika. Kuna mume aliyerudi na mke aliyebaki, na kuna mke Mtanzania aliyeolewa na mgeni. Katika makazi ya zamani ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, Warundi wapatao 162,000 waliokuja mwaka 1972 walipewa uraia wa Tanzania, huku ndugu zao wengine wakichagua kurudi. Watu wanapotengana namna hiyo, ndoa nyingine huvunjika, na swali la mali huja likiwa na miguu miwili: mmoja huku, mwingine ng'ambo.

Kuna jambo lingine lililoongeza mashauri haya. Mwaka 2017 serikali ya Burundi iliwataka watu wote wanaoishi kinyumba bila ndoa wahalalishe ndoa zao kabla ya mwisho wa mwaka huo. Sheria ya huko hairuhusu mume kuwa na wake wawili. Kwa hiyo mwanamume aliyekuwa na mke huku na mwenzi mwingine kule hakuweza kuandikisha ndoa ya pili bila kwanza kupata talaka. Ile karatasi ya mama wa Kibondo ilikuwa na tarehe ya mwaka huohuo.

SWALI LA KWANZA: JE, TALAKA HIYO INATAMBULIWA TANZANIA?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imelijibu swali hili wazi katika kifungu cha 91. Talaka iliyotolewa na mahakama yenye mamlaka katika nchi ya kigeni inatambuliwa hapa, hata kama ndoa ilifungwa Tanzania, iwapo mmoja wa wanandoa alikuwa na makazi yake ya kudumu katika nchi hiyo, au aliishi huko kwa kawaida kwa muda usiopungua miaka miwili mfululizo kabla ya kufungua shauri. Njia nyingine ni kwamba talaka hiyo iwe imethibitishwa kwa tamko la mahakama ya nchi ambayo wanandoa, au mmoja wao, wana makazi ya kudumu.

Tuliitazama ile karatasi kwa msaada wa mtafsiri na wakili. Ilitolewa na mahakama. Mume alikuwa ameishi huko miaka mitano. Hivyo sharti la miaka miwili lilitimia, na kusema kwamba "mahakama ya ng'ambo haina uwezo" kusingesimama. Kanisa lina mafundisho yake kuhusu ndoa, na mchungaji anaendelea kuyafundisha, lakini hakimu hataulizwa habari za madhabahu. Ataulizwa habari za kifungu cha 91.

Si kila karatasi, hata hivyo, ni talaka. Tumeletewa pia barua za wazee wa ukoo, barua za viongozi wa vijiji vya ng'ambo, na makubaliano yaliyoandikwa kwenye daftari la shule na kutiwa vidole gumba. Kifungu cha 92 kinahusu talaka zilizotolewa nje ya mahakama katika nchi za kigeni, nacho kinadai kwamba talaka hiyo iwe na nguvu kwa sheria ya nchi ya makazi yao. Kwa Burundi, Sheria ya Watu na Familia ya mwaka 1980, iliyorekebishwa 1993, inaiweka talaka mikononi mwa mahakama. Basi barua ya ukoo ambayo kwao haivunji ndoa, haiwezi kuvuka mto ikapata nguvu huku.

Kwa wakimbizi upo msaada zaidi katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1964. Ibara ya 12 inasema hadhi ya mkimbizi katika mambo ya ndoa na familia itafuata sheria ya nchi ya makazi yake ya kudumu, au kama hana, nchi anamoishi. Na haki alizozipata kabla, hasa zinazotokana na ndoa, ziheshimiwe. Mama aliyefunga ndoa Uvira au Makamba hapotezi hadhi ya kuwa mke kwa sababu tu amevuka mpaka na cheti kimeungua.

SWALI LA PILI: TALAKA IKITAMBULIWA, MALI IMEKWENDA?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo shemeji wa mama yetu alipokosea. Kuvunja ndoa ni jambo moja, kugawa mali ni jambo la pili. Ile hukumu ya Ruyigi ilivunja ndoa. Juu ya nyumba na shamba la Kibondo haikusema neno.

Na hata kama ingesema, ardhi ina tabia yake. Kanuni inayofuatwa na mahakama za nchi nyingi ni kwamba mambo ya ardhi na majengo yanaamuliwa kwa sheria ya mahali yalipo. Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hakimu wa ng'ambo hawezi kuhamisha ekari za Kasulu, kama vile hakimu wa Kasulu asivyoweza kuhamisha ekari za Ruyigi. Vitu vinavyobebeka, kama mifugo, fedha na bidhaa, vinaweza kuvuka na mwenyewe, na ndiyo maana ni rahisi zaidi kupotea.

Sasa tuone uzuri wa jambo lenyewe. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa kutoa talaka au baada ya talaka kutolewa. Na kifungu cha 91 kinasema talaka ya kigeni iliyokidhi masharti inatambuliwa kwa madhumuni yote ya sheria ya Tanzania. Ukiviweka vifungu hivi pamoja unaona kwamba mama huyu hakuhitaji kuipinga talaka. Karatasi aliyotishwa nayo ndiyo iliyompa mlango wa kuomba mgawo. Kama angeendelea kusema "sijaachwa", asingeweza wakati huohuo kusema "nigawieni".

Kama talaka ingekuwa haitambuliki, njia ingekuwa nyingine: ndoa ingehesabiwa kuwa ipo, mume asingeweza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke (kifungu cha 59), na anayetaka talaka angeanzia kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kwenda mahakamani. Ndiyo maana swali la kwanza lazima lijibiwe kwanza.

SWALI LA TATU: NANI ALICHANGIA NINI?

Mahakama haigawi nusu kwa nusu kwa kufumba macho. Kifungu cha 114 kinaitaka itazame desturi za jamii ya wanandoa, kiasi alichochangia kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyatazama hayo, sheria inaitaka ielekee kwenye usawa. Mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa nayo huingia kwenye hesabu, ikiwa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi zao wote.

Kwa miaka mingi akina mama waliambiwa, "Wewe ulikuwa unapika tu." Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Hukumu hiyo inatajwa hadi leo. Wachache wanakumbuka kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo katika shauri lile, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mume kwa ajili ya maendeleo ya familia alikuwa amezitumia vibaya. Mafunzo ni mawili: kazi ya nyumbani inahesabiwa, na kila mmoja huulizwa alifanya nini na kilichokuwa mikononi mwake.

Kwa ardhi kuna kinga nyingine. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinasema kwamba pale ardhi inapoandikwa kwa jina la mwenzi mmoja, lakini mwingine ameweka nguvu zake katika kuilima, kuitunza au kuiendeleza, huyo naye anahesabiwa kupata haki katika ardhi hiyo. Aliyepanda migomba na kahawa kwa miaka ishirini si mgeni shambani, hata kama jina lake halimo kwenye karatasi ya mauziano.

Ila mchango lazima uthibitishwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika shauri la mama yetu, kilichosaidia ni stakabadhi za mabati, daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, risiti za ada, na majirani watatu walioeleza nani alifyatua matofali.

KAMA MMOJA SI RAIA

Asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji kwa utaratibu maalumu. Hii huleta hofu kwa wanawake wa Kirundi na Kikongo walioolewa na Watanzania: je, nguvu yao yote imepotea? Sheria ya Ndoa inaruhusu mahakama kuamuru mali iuzwe na fedha zigawanywe. Hivyo mtu asiyeweza kupewa ekari anaweza kuomba thamani ya jasho lake kwa fedha. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza pia kuomba uraia chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995; tunashauri jambo hilo lishughulikiwe wakati ndoa ina amani, si baada ya kuvunjika.

Wale walioishi pamoja kambini au kijijini bila cheti chochote wasikate tamaa. Kifungu cha 160 kinaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana na watu kama mume na mke. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini inampa mama mahali pa kuanzia.

MALI ILIYO NG'AMBO

Kwa mali iliyoko Burundi lazima mtu aende kwenye mahakama za huko. Ugumu wake ni kwamba kwa muda mrefu masuala ya mirathi na ardhi kwa wanawake wa Burundi yameachwa kwa desturi, ambayo humpa mtoto wa kiume shamba. Zaidi ya hayo, huko ndoa inayotambuliwa ni ile iliyofungwa mbele ya ofisa wa serikali, hivyo aliyebarikiwa kanisani tu hukwama mapema.

Kwa ndugu wa Kongo waliofunga ndoa kwa sheria yao, Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa wanandoa namna tatu za kuweka mali. Wasipochagua, sheria inawachagulia: alichokuja nacho kila mmoja ni chake, walichokipata ndani ya ndoa ni cha wote. Ni vema mama wa Nyarugusu anayerudi Fizi au Uvira alijue hilo kabla ya kupanda gari.

KAMATI ZA SHARIKA ZIFANYE NINI

Tunapendekeza mambo haya, ambayo hayahitaji fedha nyingi:

1. Karatasi yoyote kutoka ng'ambo isichanwe wala isidharauliwe. Itolewe nakala, itafsiriwe kwa Kiswahili na mtu anayeaminika, kisha aulizwe maswali haya: imetolewa na mahakama au na ukoo? Mume au mke aliishi huko tangu lini? Mwenzake aliitwa shaurini?

2. Rejista ya ndoa ya usharika itunzwe. Cheti kikipotea, nakala iliyothibitishwa na mchungaji inaweza kuokoa nyumba ya mtu.

3. Mtu asiuziwe shamba gizani. Uhamisho wa haki ya kimila unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na sheria inaitaka halmashauri isiruhusu uhamisho utakaomwondolea mwanamke haki yake ya ardhi. Barua moja kwa afisa mtendaji, yenye muhuri wa mapokezi, ina nguvu kuliko kelele za siku tatu. Ikiwa hatari ni ya karibu, mahakama iombwe zuio la muda.

4. Watu waelekezwe mahali sahihi. Mgawo wa mali ya ndoa ni kazi ya mahakama. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza la kata linasuluhisha migogoro ya ardhi, haliamui. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 husaidia bila malipo.

5. Wanandoa wafundishwe kuandika majina mawili. Katika mafundisho ya ndoa, siku moja itengwe kwa ajili ya mali. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa ya wote kwa usawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

ALIPOFIKIA MAMA YETU

Halmashauri ya kijiji ilikataa kupitisha mauzo. Shauri lilichukua zaidi ya mwaka mmoja, na mara mbili liliahirishwa kwa sababu tafsiri haikukamilika. Mwishowe mahakama ilimpa nyumba, kwa kuzingatia watoto, na ekari tatu kati ya tano. Ekari mbili, ambazo mume alirithi kwa baba yake na ambazo hazikuendelezwa sana, zilibaki za mume. Mbuzi walikuwa wamekwisha kuchukuliwa usiku na hawakupatikana. Duka la ng'ambo nalo halijaguswa. Mama alisema hana nguvu ya kesi ya pili katika lugha asiyoijua, nasi hatukumlazimisha.

Tunawaeleza wafadhili wetu matokeo haya kama yalivyo. Mchango wenu ulilipa nauli za mashahidi, tafsiri ya kurasa mbili na siku chache za wakili. Haukurudisha mbuzi. Lakini watoto wanne hawakulala nje, na kamati iliyomshauri mama aikatae karatasi sasa ndiyo inayozielekeza kamati za jirani jinsi ya kuisoma.

Kamati zenye mashauri ya namna hii ziyalete mapema, kabla ya mavuno na kabla mnunuzi hajaonyeshwa mipaka ya shamba. Tukikutana wakati mnunuzi ameshalipa, kazi huwa ngumu mara mbili.